Pale CD Ilipokwama

Wanangu wawili wanaimba nyimbo za katuni nzima nzima, tangu mwanzo mpaka mwisho, na jambo hilo linanikera. Wanazitoa kwenye simu yangu. Wanajua ubeti wa kwanza, wa pili na kiitikio, na pale muziki unapopanda kuelekea kumalizia, wananyoosha mikono juu kama waliokwenda kuomba mvua. Mimi niko uani, hapa Lindi mjini, nimekalia mbuzi nakuna nazi, na kila wimbo ukifika katikati mkono wangu unasimama wenyewe. Nasubiri ukwame. Haukwami. Unapita tu, laini, mpaka mwisho, nami nabaki na nazi mkononi nikijiona mtu aliyepunjwa.

Kwetu Kiranjeranje wimbo wa katuni ulikuwa na tundu katikati. Tulikuwa nao mmoja, ukatutosha.

Ulikuja kwa makosa. Mwaka huo korosho zilikuwa zimekubali, na babu yangu, badala ya kununua mabati ya jiko kama alivyokuwa ameahidi, akanunua televisheni, deki na sola ya kuviendesha.  Bibi akasema basi angalau aletewe CD ya kaswida, nyumba ipate baraka. Babu akiwa anarudi safarini, basi likasimama Somanga abiria wale, akashuka akanunua changu wa kukaanga, na kwa kijana mmoja wa meza za pembeni akanunua CD yenye picha ya msikiti kwenye karatasi yake. Akaitia mfuko mmoja na samaki. Alipofika nyumbani CD inanuka changu na mwiba umeichora mstari, na tulipoiweka kwenye deki, badala ya kaswida wakatokea kuku waliovaa magauni.

Bibi alitaka irudishwe. Babu akasema kilichokuja mkononi ndiyo riziki, tena yuko tayari kuwasikiliza kwanza hao kuku wana neno gani.

Lugha yao hatujaijua mpaka leo. Haikuwa Kiingereza, maana mwalimu wa shule alikuja akasikiliza akatikisa kichwa. Haikuwa Kiarabu, wala ile ya filamu za Kihindi. Lakini kisa kilieleweka hata kwa mtoto. Kuna mnyama mnene wa rangi ya zambarau, masikio madogo, pua pana, anaendesha baiskeli ndogo ya kitoto, magoti nje. Anakwenda harusini kwa kuku, na kuku wako ng'ambo ya mto. Anafika ukingoni, anashuka, anaangalia maji, anainua mguu mmoja na kuanza kuimba. Hapo ndipo ule wimbo. Unaanza polepole, halafu unachanganya, mpaka anafika mahali anaposema "paraki, paraki, ko", na CD inakwama. Ko, ko, ko, ko. Mdomo wazi, mguu juu, mto mbele yake.

"Mwiteni bibi yenu," babu alikuwa akisema, bila kuondoa macho.

Maana ilikuwa imejaribiwa kila dawa. Baba yangu mdogo aliifuta kwa shati. Jirani alishauri dawa ya meno, mwingine manukato. Wote waliambulia patupu. Ila bibi alikuwa akitoka jikoni na moshi wake, hamtazami mtu, anaitoa CD, anaihemea haah, kisha anaipangusa kwa pindo la khanga, taratibu, kutoka tunduni kwenda nje, huku akinung'unika kwamba chakula kinaungua. Akiirudisha, wimbo unaendelea. Lakini haukuendelea pale ulipokatikia. Uliruka. Mnyama alikuwa tayari yuko ng'ambo, mkavu kabisa, amevaa kofia, anamalizia wimbo huku kuku wanampigia makofi.

Amevukaje? Kofia ameipata wapi? Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo ya baraza letu kwa miaka yote ya utoto wangu, na sijapata tena kukaa katika mazungumzo mazuri kama yale. Kuna waliosema aliogelea. Kuna waliosema kuku walimtumia mtumbwi. Kijana mmoja wa jirani, ambaye baadaye alisoma sana dini na leo ndiye shehe wa msikiti wetu, alishikilia kwamba alinuia tu akajikuta ng'ambo. Babu alisema mnyama yule ni kiboko, na kiboko kuvuka mto si habari ya kujadiliwa.

Sasa hapo ndipo alipoingia mtani.

Sisi ni Wamwera, babu alitokea Rondo, na mtani huyu alikuwa mzee wa Kimakonde, Mkristo aliyeshuka na biashara ya korosho akaoa na kubakia. Utani wa kwetu asiyeujua atadhani ni ugomvi. Mtani wako anaweza kuingia nyumbani akafunua chungu akala, akakuita mwizi mbele ya wakwe zako, na siku ya msiba wako akavaa nguo zako, akatembea kama wewe, akajilaza njiani maiti asipite. Huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa. Mzee huyu alikuwa na kipara kisicho na unywele hata wa dawa, kinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, na alikuwa haendi popote jioni ila kwetu. Siku ya kwanza alipouona ule wimbo alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema kiboko gani ana mkia wa kupinda? Huyo ni nguruwe.

Mtu wa mbali haoni uzito wake. Babu yangu alikuwa mtu wa swala tano, na wimbo aliokuwa akiupenda kuliko nyimbo zote za dunia, anauimba akipalilia, anauimba akitawadha mpaka akumbuke akate, ulikuwa sasa unadaiwa kuwa wa nguruwe. Kila jioni mtani alikuwa akifika barazani, anatoa salamu, kisha anauliza kwa adabu zote, "Nguruwe au kiboko, mtani?" Babu anajibu, "Kiboko." Ndipo wanakaa. Bibi aliulizwa mara nyingi aamue, yeye aliyeishika CD kwa mikono yake. Alikuwa akisema yeye ni mpangusaji tu, hajui mambo ya wanyama.

Wimbo ukatoka nyumbani kwetu ukaenea. Usishangae. Wali wa harusi moja ulichelewa kuiva, ngoma ikaishiwa nyimbo, akina mama wakauanzisha huu, na wakauimba kama walivyoujua, yaani pamoja na kukwama kwake. Ukifika "ko", watu wote uwanjani wanaganda mguu mmoja juu, ko, ko, ko, ko, wazee wanayumba, watoto wanaanguka, mpaka mwanamke mmoja atoke mstarini aende akaipanguse ngoma kwa khanga. Hapo kila mwenye kofia anavaa kofia na wimbo unaruka kwenda mwisho. Huko Kiranjeranje nimeona bwana harusi akisimama kwa mguu mmoja mbele ya wakwe zake mpaka jasho likamtoka. Wageni kutoka Kilwa Masoko walituuliza hiyo ni mila ya kabila gani. Tuliwajibu kwamba ni ya zamani.

Bibi hakuipangusa ngoma hata siku moja. Wimbo ukianza, alikuwa akiondoka kwenda kukaa kwenye masufuria. Aliona aibu. Alikuwa ameagiza kaswida, akapewa mnyama wa zambarau, na sasa harusi za mji mzima zinaendeshwa naye. "Siku nikifa mimi," aliniambia mara moja tukichambua mchele, "msije mkanigandia mguu juu." Mimi nilicheka, yeye hakucheka.

Halafu binamu yangu akaja kutoka Dar na simu kubwa. Akatangaza kwamba ameipata ile filamu, nzima, safi, haina mkwaruzo. Baraza lilijaa kama siku ya mgeni wa serikali. Babu na mtani waliwekwa mbele, simu ikaegemezwa kwenye birika. Mnyama akaja na baiskeli yake, akashuka, akainua mguu, paraki, paraki, ko, na wimbo ukapita. Ukapita hivi hivi. Pembeni mwa mto kulikuwa na daraja. Mnyama akageuka kushoto, akavuka darajani akisukuma baiskeli, akakutana na bata muuza kofia, akanunua kofia.

 Wenye kukohoa walikohoa.

"Daraja limetoka wapi?" babu akauliza.

Binamu akasema lilikuwepo siku zote. Mtani, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukubaliana na babu hata kuhusu jua, akaweka mkono begani mwake na kusema huyu siye, huyu ni mwingine wanafanana. Babu akasema naye ameliona hilo mara moja, sauti yenyewe si ile. Wakamshukuru binamu kwa heshima, wakamwomba azime. Bibi akatumwa alete CD. Nilimwona akiihemea siku ile, na nusu ya uso wake ilikuwa inataka kucheka, lakini aliukaza.

Babu alianza kuumwa mwaka ambao mimi nilikuwa nimeshaolewa Lindi. Kifua, miguu ikavimba. Nilikwenda kukaa naye. Jioni moja mtani alikuwepo, wameshaulizana nguruwe au kiboko, na babu akamwambia jambo ambalo nililisikia vizuri kwa kuwa nilikuwa namkanda miguu.

"Mtani, siku yangu usinililie. Unikwamishe pale pale, halafu univushe. Mpaka kofia."

Mtani akasema hilo wala halihitaji kuombwa. Lakini bibi alikuwa mlangoni na uji. Aliweka bakuli chini. Alisema amevumilia mengi. Amevumilia mabati, ameachia harusi zichezewe, ila mume wake atatoka nyumba hii kwa Yasini na dua kama baba zake walivyotoka, na watu wa heshima wamesimama kwa miguu miwili. "Nguruwe hafiki msibani kwangu," alisema.

Miaka yote ile alikuwa hajawahi kuamua, na leo ameamua.  Babu aligeukia ukutani, na tangu hapo siku kadhaa sikumsikia akiimba hata kidogo. Mtani naye, mtu wa maneno, aliondoka bila kuaga. Mimi nilikasirika na bibi, nasema kweli, na huku namwonea huruma, maana alichotaka kilikuwa kitu kidogo na cha haki. Alitaka siku moja tu mji usimcheke. Babu naye alitaka wimbo wake. Vitu hivyo viwili visingeweza kupita mlango mmoja.

Kabla sijarudi Lindi babu aliniita karibu. Aliniita mke wake, kama alivyoniita tangu nazaliwa. Akaniomba, siku hiyo ikifika, nisimwache mke mwenzangu afunge mlango.

Siku hiyo ilifika kipindi cha kuokota korosho. Nilipigiwa simu alfajiri, na saa tatu nilikuwa nimeshafika. Bibi alikuwa amekaa chumbani, macho makavu. Kitu alichokifanya, niliambiwa, ni kukusanya nguo zote za babu, kanzu, shuka, na kofia zake za viua alizomfumia kwa mkono wake, kuzifungia sandukuni, na ufunguo kuufunga kwenye pindo la khanga. Alijua watani hutafuta nguo za marehemu. Akifika yule mzee asipate hata uzi. Nilikaa naye. Sikuthubutu kumwambia niliyoombwa.

Wakamwosha, wakamkafini, wakamwingiza kwenye jeneza la msikiti. Yasini ikasomwa, vizuri, kwa utulivu, na nilimwona bibi akifumba macho kama mtu anayelipwa anachokidai siku nyingi. Mtani hakuwa amefika. Watu wakaanza kuulizana. Wanaume wakainua jeneza ukumbini wakaelekea mlango wa mbele, na hapo ndipo tuliposikia kengele ya baiskeli.

Nilichungulia dirishani. Alikuwa anakuja barabarani kwenye baiskeli ya kitoto, sijui ya mjukuu gani, magoti yamepita mikono, kichwa wazi kinang'aa juani, uso umejaa machozi, na watu wote wa msiba wanampisha. Alifika mlangoni, akashuka, akaiegemeza baiskeli kwa uangalifu. Akalitazama jeneza. Kisha akajilaza kwenye kizingiti, chali, akainua mguu mmoja, akaanza kuimba.

Aliimba vizuri, Mungu anisamehe. Aliimba kwa sauti ya babu kabisa, na ile pumzi ya babu ya kukatika katikati ya neno, mpaka mmoja wa waliobeba jeneza akaanza kulia wazi. Paraki, paraki. Akafika "ko", akakwama.

Ko, ko, ko, ko.

Wabebaji wakasimama. Huwezi kumruka mtani mlangoni. Walimletea jogoo wa kumlipa apishe, hakumtazama. Wakamwomba, wakamtisha kwa utani, wakamwagia maji kidogo miguuni. Ko, ko, ko. Mguu umeanza kutetemeka, ni mzee yule, lakini haushuki. Jua linapanda, jeneza liko mabegani mwa watu, mwingine anampokea mwenzake, na mle chumbani bibi amekaa anatazama mkeka. Sauti ile inaingia kupitia kila tundu la nyumba. Nikaona vidole vyake vinacheza na fundo la khanga.

Shehe akaja dirishani kwetu. Nilidhani anakuja kulaani. Alisogea karibu, akainamisha kichwa, akaniambia taratibu ili wengine wasisikie:

"Dada, mwite bibi. CD imekwama."

Sikumwita. Hakukuwa na haja, alikuwa ameshasikia. Aliinuka kwa kuegemea bega langu, akafungua lile fundo la pindo kwa meno, ufunguo ukaangukia kiganjani mwake. Akanipa. Akasema nilete ile nyeupe ya mwisho, yenye mshono wa kijani. Nilifungua sanduku, harufu ya babu ikanijia usoni, nikaichukua, nikamfuata.

Alipita katikati ya wanaume kama alivyokuwa akitoka jikoni zamani, hamtazami mtu. Watu wakamfungulia njia. Akafika kizingitini, akapiga magoti, akakiinamia kile kipara. Akakihemea, haah. Kisha akakipangusa kwa pindo la khanga, taratibu, kutoka katikati kwenda nje, mzunguko baada ya mzunguko, na sikusikia mtu akicheka. Mtani alikuwa amefumba macho, midomo bado inasema ko, ko, ila sauti imekwisha. Bibi akanyoosha mkono nyuma. Nikampa kofia. Akamvika.

Mtani akashusha mguu. Akamalizia wimbo pale chini, yale maneno ya mwisho ya ng'ambo ya mto, na barazani watu wazima, shehe akiwemo, walipiga makofi polepole kama wale kuku. Halafu akainuka akakaa, akamtazama bibi, akauliza kwa adabu zote, sauti inamkwaruza:

"Nguruwe au kiboko, shemeji?"

Bibi alikuwa bado amepiga magoti. Aliitazama kofia, akainyoosha upande mmoja ilipokuwa imepinda. Machozi yaliyokuwa hayajatoka tangu alfajiri yakatoka yote.

"Kiboko," alisema. "Kashavaa kofia. Mpisheni apite."